Sigara za Shughuli Hazihesabiwi

Tan Kaifu alianza kuvuta sigara akiwa na miaka kumi na minne, na alipofika hamsini na sita alikuwa ameshavuta nyingi kiasi kwamba mbu wa kijiji cha Huangniping walikuwa na kikohozi. Usicheke. Walikohoa kweli, kho, kho, nje ya vyandarua, na wageni waliolala kwake walidhani ni mbuzi wa jirani. Asubuhi akisimama mlangoni kupiga miayo, majirani walianua nguo wakidhani ukungu umeshuka mlimani. Mbayuwayu mmoja alijenga kiota chini ya paa lake, na vifaranga walipototolewa walitoka wamekwisha kaushwa, wekundu, tayari kwa kuliwa kama nyama ya nguruwe inayokaushwa kwa moshi mwezi wa kumi na mbili.

Alikuwa mpishi wa shughuli. Katika milima ile ya Hunan mtu akiozesha mtoto, akizika mzazi, akitimiza miaka sitini au akipandisha boriti ya nyumba mpya, hapiki mwenyewe. Humwita fundi. Fundi Tan alikuja na visu vyake vimefungwa kwenye kitambaa, na nyuma yake rafiki yake wa tangu utotoni, Peng Dechang, akiwa amevaa sufuria kubwa kichwani kama kofia. Wawili hao walijenga majiko ya udongo uani, na jua likifika katikati, meza thelathini zilikuwa zimeshakula mpaka watu wazima wanalegeza mikanda. Samaki wake wa pilipili aliwahi kumwamsha bibi mmoja aliyekwisha kuvishwa nguo za kuzikiwa. Aliinuka, akala vichwa viwili, akauliza kama pombe ya mchele ipo, ndipo akalala tena akafa vizuri.

Kazi hiyo ilikuwa na desturi yake. Kabla moto haujawashwa, mwenye shughuli alimletea fundi pakiti mbili za sigara kwa mikono miwili, zimefungwa kwa karatasi nyekundu kama ni furaha, nyeupe kama ni msiba. Fundi alitoa moja, akawashiwa, akaivuta mpaka ikolee, na kwa moto wa sigara hiyo ndipo jiko likawashwa. Fundi akikataa, basi ameitakia nyumba ile mabaya. Kwa hiyo Tan hakununua sigara maisha yake yote. Zilimfuata zenyewe.

Mkewe, Yin Lianzhi, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Hakuwahi kutia sigara mdomoni hata moja. Ila kwa miaka thelathini na miwili alilala kando ya bomba la moshi. Alianza kukohoa wakati wa kupandikiza mpunga, mpunga ukavunwa bado anakohoa, na siku alipokaa chini katikati ya njia akiwa na kikapu cha mboga na kushindwa kuinuka, Tan alimbeba mgongoni mpaka zahanati, bondeni kabisa.

Daktari alikuwa msichana wa kuzaliwa jana, mwenye miwani.

"Mama, unavuta?"

"Mimi sivuti," Lianzhi akasema, akimnyooshea mumewe kidole. "Mimi navutiwa."

Daktari aliiangalia picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha, akamwita Tan asogee. "Ona, mzee. Mapafu ya mama yamechakaa. Hayatarudi kuwa kama zamani. Dawa nitatoa, lakini dawa yenyewe hasa ni hewa. Nyumbani kusiwe na moshi. Sisemi upungue. Nasema usiwepo. Na usivutie nje halafu ukaja kulala naye na shati lile lile."

"Nikivutia bandani kwa nguruwe, je?"

"Nguruwe wamekukosea nini?" Lianzhi akauliza.

Daktari hakucheka. "Ukiacha, ana miaka mbele yake. Usipoacha, mzee wangu, usiniulize kitakachotokea."

Basi akaacha. Siku ile ile waliteremsha nyama zote zilizoning'inia juu ya moto wa sebuleni wakazipeleka kwa Peng, wakaziba shimo la moto kwa mawe, na Tan akavunja visahani vyake vya majivu kimoja kimoja. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili alimtukana jogoo kwa jina la ukoo. Ya tatu arosto, ile kiu ya sigara, ilimpanda mpaka akawa anakwaruza masizi ya dirishani na kuyanusa, na Peng alipokuja kumjulia hali akiwa na sigara yake mdomoni, Tan alimsogelea uso kwa uso, pua kwa pua, amefumba macho.

"Fundi," Peng akasema akirudi nyuma, "mimi nina mke."

Lianzhi hakumhubiria. Kila alipoona vidole vya mumewe vinatafutatafuta mfukoni, alimwekea bakuli la vitunguu saumu mapajani. "Menya." Alimenya. Arosto ikipanda, anamenya. Akitoka kula, saa ile mbaya kuliko zote, anamenya. Alimenya vya kwake, vya majirani, vya kijiji cha ng'ambo. Huangniping nzima ilikula vitunguu saumu majira mawili mfululizo, na wale mbu, ambao ndio kwanza walikuwa wanapona kikohozi, wakafunga virago wakahamia bonde la pili.

Tena Lianzhi hakuifanya siri. Alisimama sokoni kati ya wauza bata akatangaza: "Mume wangu ameacha sigara! Atakayempa hata moja, nitakwenda kukohoa mlangoni kwake mpaka kuku wake waache kutaga!" Watu walicheka, lakini wengi walikuwa na kuku.

Na kila penye shughuli alifuatana naye. Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, pakiti zikaletwa kwa mikono miwili, yeye akazipokea kwa mikono miwili, akawasha jiko kwa njiti ya kiberiti, kisha akaenda kuzibadilisha dukani kwa sukari.

"Fundi Tan siku hizi ameolewa!" wanaume walimzomea.

"Tena kwa mahari ndogo," Lianzhi alijibu yeye.

Mwaka mmoja na nusu ulikwenda hivyo. Lianzhi akapata pumzi ya kupanda mpaka shamba la chai, na ya kuwagombeza bata wa watu ng'ambo ya mto. Bata wakamsikia, wakageuza. Tan alikuwa akisimama jikoni akiisikiliza ile sauti inavyoruka maji, na kisu kinasimama hewani.

Mwezi wa kumi, Cailian, binti wa Peng, akaolewa. Mtoto huyo alikulia miguuni mwa Tan, akila ukoko wa wali kwenye masufuria ya shughuli za watu. Asubuhi ya harusi Lianzhi aliamka na homa.

"Nenda," alisema kutoka kitandani. "Cailian ni wetu."

"Bila wewe?"

"Kwani utapika kwa miguu yangu? Nenda, bwana."

Asubuhi ilipita salama. Tan aliwasha jiko kwa kiberiti mwenyewe, na Peng, kwa kuwa ni shughuli yake, hakuleta pakiti. Lakini baada ya chakula bibi harusi huzunguka meza zote akiwawashia wazee sigara za furaha, na Cailian alipomaliza meza hakukaa. Alikuja jikoni na gauni lake jekundu likifagia maganda ya karanga, na nyuma yake wanawake wote wa pande zote mbili.

"Baba Fundi, nimekuja kukuwashia."

"Mwanangu, unajua nimeacha."

"Najua. Shika tu mdomoni. Ikikolea uiweke kando."

"Mpishi akikataa moto wa bibi harusi, bibi harusi atazaa mawe!" shangazi mmoja akapiga kelele, na wengine wakaitikia kwa vicheko.

Tan akaishika kwa midomo, kavu, kama mtu aliyebeba kitu cha mtu mwingine. Cailian akawasha njiti. Sigara isiyovutwa haikolei. Njiti ikaungua mpaka kwenye kucha zake, ikazima. Akawasha ya pili. Ikazima. Vicheko vikakatika. Njiti tatu zikizima mbele ya bibi harusi, kila mwanamke pale alijua ni mkosi, na machozi ya Cailian yalikuwa yameshaanza kuharibu poda usoni.

Akawasha ya tatu. Tan akavuta.

Shangwe zikapigwa mpaka vigae vikacheza. Moshi ulishuka kifuani mwake kama mwenye nyumba anayerudi safari: ukavua viatu, ukakaa. Peng alimkumbatia akilia kwa furaha. "Usiwe na wasiwasi, Fundi. Sigara ya harusi haihesabiwi."

Na haikuhesabiwa. Tan alirudi nyumbani akiwa na amani kabisa. Siku nne baadaye kulikuwa na msiba wa mzee mmoja, mwenye msiba akaja na karatasi nyeupe, analia, Lianzhi hayupo kwa kuwa homa ilimwacha hana nguvu za miguu, na nani anaweza kumkatalia yatima? Sigara ya msiba nayo haihesabiwi. Kisha boriti ikapandishwa. Kisha mtoto akatimiza mwezi. Kisha mtu akatimiza miaka sitini na mwenzake akatimiza sabini. Mpishi wa shughuli hana siku ya kawaida. Kila siku yake ni furaha ya mtu au ni kilio cha mtu. Mwezi wa kumi na mbili ulipoingia Tan alikuwa anamaliza pakiti nzima kwa siku, na hakuna hata moja iliyohesabika. Ungemshika, angeapa kwa mama yake kwamba ameacha.

Ila alioga. Nguo za kazi aliziacha kwa Peng, akatafuna majani ya chai mpaka meno yakawa ya kijani, akashuka mtoni na kipande cha sabuni. Barafu ilikuwa imeshika kingo za mto. Alijisugua sana mpaka samaki wa Huangniping wakawa wanatoa povu kwenye mashavu, na mwaka ule waliwavua wameshasafishwa.

Nyumbani, Lianzhi alianza tena kukohoa. Ni baridi, Tan alijiambia. Kila mtu anakohoa wakati wa baridi.

Ilikuwa siku saba kabla ya mwaka mpya. Aliingia akitetemeka, nywele zimeganda vijiti. Lianzhi alikuwa ameegemea mito mitatu karibu na dirisha.

"Baba Suyue, njoo." Suyue ndiye binti yao wa pekee, yuko pwani kiwandani, anashona viatu.

"Nini?"

"Inama."

Akainama. Lianzhi akamnusa shingoni, taratibu, maana pumzi zake zilikuwa fupi.

"Unanukia sabuni."

"Si vizuri?"

"Miaka thelathini na nne nakuomba uoge wakati wa baridi, unaniambia maji yatakupasua mifupa. Sasa mto una barafu na wewe unaoga kila siku. Ni mwanamke au ni sigara?"

Tan akazifuta nywele. Maji yalikuwa yanamdondoka sakafuni.

"Sema ni mwanamke," Lianzhi akasema. "Mwanamke hatanikohoza."

Hapo ndipo alipovunjika. "Ni za shughuli tu, Mama Suyue. Zile za shughuli hazi..."

"Hazi nini?"

"Hazihesabiwi."

"Nani kasema?"

"Watu wote wanasema."

"Haya." Alijigonga kifuani kwa kidole. "Waambie na haya mapafu."

Tan alijipiga kofi la uso, akaongeza la pili. Alisema kwamba basi, ameshaharibu, mwaka mzima na nusu umekwenda bure, yeye ni mtu wa kuvuta na atakufa anavuta. Lianzhi alimshika mkono ule wa kujipigia, akaushikilia, akangoja kifua chake kitulie ndipo aongee.

"Bure kwa nani? Mwaka na nusu nilipumua mimi. Nilifika shamba la chai. Hiyo imeshakuwa yangu, huwezi kuichukua hata ukitaka. Umevuta, umevuta. Sasa kaa hapa uniambie ulizipata wapi, nani alianza, na ilikuwaje, yote."

Akamweleza yote, tangu njiti ya kwanza. Na kadiri alivyosimulia ndivyo mwenyewe alivyoona jambo ambalo hakuwa ameliona: nyumbani hakuwahi kushindwa hata siku moja. Alishindwa pale pale tu, jiko linapowashwa.

Kesho yake alizunguka kwenye kila nyumba yenye shughuli mwakani. Aliwaambia mlangoni, bila hata kuingia: mimi ninaumwa na sigara, mke wangu anaumwa na sigara zangu, nikiona pakiti nyumbani kwenu nafunga visu narudi. Nipeni taulo, nipeni yai jekundu, au msinipe kitu. Wengine walimpa taulo. Wengi walimwita mpishi wa ng'ambo ya kilima, ambaye samaki wake alikuwa kama kandambili, wakamla hivyo hivyo, maana angalau alipokea sigara kwa heshima. Na Peng alikasirika.

"Kazi imepungua nusu kwa ajili ya ukaidi wako."

"Na wewe usije kwangu ukiwa nazo."

"Mimi? Mimi Peng?"

"Wewe ndiye hasa. Nikikuona tu nazisikia harufu."

Peng akaenda zake, na mwaka mpya ukaja na kupita bila yeye kuvuka kizingiti. Haikuwahi kutokea tangu walipokuwa watoto. Suyue alirudi kutoka pwani na plasta za dawa ya kutuliza arosto, akambandika baba yake mikononi, kifuani, mpaka akaonekana kama gunia la viraka. Zilisaidia. Zilimpa ndoto kali za ajabu, usiku mmoja akaota ameolewa na nguruwe, lakini zilisaidia. Hakuvuta tena. Mwezi wa kwanza ukapita, na wa pili.

Lakini Lianzhi hakupanda tena shamba la chai. Bata walirudi upande huu wa mto wakala mboga zake, na yeye akawatazama tu dirishani. Daktari mwenye miwani alipokuja, Tan alimfuata mpaka kwenye karo, akammiminia maji ya kunawa.

"Daktari. Ni ile miezi mitatu niliyovuta kwa siri?"

Daktari alinawa muda mrefu kuliko uchafu aliokuwa nao. "Mapafu yale yalikuwa mabovu tangu zamani, mzee."

"Sikukuuliza hivyo."

"Sijui. Hakuna mtu anayeweza kujua."

Angemwambia ndiyo, Tan angepata pa kukaa na kulia. Angemwambia hapana, angelala. Daktari alimwacha mlangoni, katikati, na huko ndiko alikokaa tangu siku hiyo.

Majani ya kwanza ya chai yalipochipua, mchana mmoja, Tan alikuwa anampepea. Lianzhi alikunja pua. "Wali unaungua."

Akakimbilia jikoni. Wali haukuwa umeungua. Hata moto haukuwa umewashwa. Aliporudi kumwambia, hakuwepo wa kuambiwa.

Sasa katika msiba wa kule, mgeni akiingia mlangoni hupewa sigara kwa mikono miwili. Maskini hukopa apate za kutoa. Na jeneza la mwanamke halifungwi mpaka watu wa kwao, alikozaliwa, waje, wamtazame, waseme wameridhika. Wasiporidhika, litakaa wazi hata siku kumi.

Waliridhika na nguo. Waliridhika na mbao. Kaka yake Lianzhi, Yin Shouben, mzee mrefu aliyevuta kwa miaka sitini na ambaye ndevu zake zilikuwa za njano kama mashuke ya mahindi, aliingia sebuleni na wanaume kumi nyuma yake, fataki zikilia nje kwenye mvua. Akatazama sinia lililoshikwa na shemeji yake.

"Shemeji, hii nini?"

"Chai, kaka. Na mbegu za alizeti."

"Macho ninayo. Sigara ziko wapi?"

"Hakuna."

"Umefilisika?"

"Hapana."

"Basi unamzika dada yangu kama mbwa wa barabarani?" Akatoa yake mfukoni, akaitia mdomoni, akapapasa kiberiti.

Tan aliliweka sinia chini akapiga magoti. Chumba kizima kilishtuka, maana mume hampigii mtu magoti kwenye msiba wa mkewe. Suyue akamvuta bega. "Baba, inuka. Baba, wape tu, yaishe."

"Si humu, kaka," Tan alisema. "Nje, popote. Humu hapana."

"Amekufa, Kaifu! Moshi utamfanya nini?"

"Najua amekufa. Mimi ndiye niliyemvisha."

"Basi?"

"Alikuwa ameniomba kitu kimoja tu. Nikampa, halafu nikamwibia. Miezi mitatu nilivuta kwa siri, nikawa naosha mwili mtoni, na yeye amelala hapa anakohoa. Kama mnataka kunipiga kwa hilo, nipigeni. Lakini leo ndiyo siku yake ya mwisho kwenye chumba hiki."

Vijana wa ukoo wa Yin walimtazama mzee wao, na mikono yao ilikuwa imeshakunjwa. Shouben alisimama na sigara mdomoni, haijawashwa, na ndevu zikimcheza. Kisha akageuka akatoka nje. Wale kumi wakamfuata, na wanaume wa kijiji nao mmoja mmoja, wote wakajibana chini ya upenu. Mvua siku hiyo ilikuwa ya kuwafanya vyura watafute pa kujificha. Kila kiberiti kilicholia, kilizimwa. Sebuleni walibaki wanawake, jeneza, na hewa safi kama ya mlimani.

Baadaye Shouben aliingia peke yake. Alikuwa ameloa mpaka ndevu zimerudi kuwa nyeupe. Akamshika Tan kwapani, akamwinua.

"Fungeni," aliwaambia waliobeba nyundo.

Chakula alikipika Peng. Hakuitwa. Alikuja asubuhi na sufuria kichwani, akajenga majiko mawili akawasha kwa kiberiti. Samaki wake aliungua upande mmoja, na chumvi haikuhitaji kutiwa, maana alikata vitunguu na kulia juu ya sufuria mpaka mchuzi ukakolea. Watu walikula wote wakanyamaza.

Walimzika mlimani, juu ya shamba la chai. Jioni haijafika, watu wa Yin walikuwa wameshaondoka, na Suyue amelala chumbani na viatu miguuni. Tan alikaa uani kando ya jiko, kwenye kigoda cha mkewe. Peng alikuja akakaa chini, karibu naye, akatoa pakiti yenye karatasi nyeupe.

"Fundi. Chukua."

Tan aliitazama ile karatasi nyeupe.

"Sasa unaweza kuvuta," Peng akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mgonjwa uji. "Hakuna wa kukohoa tena."

Mkono wa Tan ulikwenda wenyewe. Ulichukua moja ukaishika. Mpaka juzi, kati yake na sigara palikuwa na mtu, ana jina, ana mito mitatu, ana kifua cha kusikilizwa. Sasa palikuwa wazi kabisa. Angeweza kuvuta hii na pakiti nzima, angeweza kuvutia kitandani, kwenye mto wake, na hakuna duniani ambaye angeumia. Hakuwahi kupewa kitu kibaya namna hiyo. Arosto ilimpanda, jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Peng."

"Naam."

"Itoe mkononi mwangu. Mimi siwezi."

Peng alimtazama. Kisha akapiga goti moja, akavifungua vile vidole, kimoja, na kimoja, na kimoja, maana vilikuwa vimekaza kama vya mtu anayening'inia. Akaitoa sigara. Akairudisha kwenye pakiti, akainuka, akatoka mpaka njiani, na alikoiacha hakusema. Aliporudi, mifuko yake ilikuwa imelala bapa.

"Hii inachukua muda gani kupita?" aliuliza.

"Kama birika kuchemka."

"Halafu?"

"Halafu inarudi."

"Lo!" Peng akasema. Akakaa. Akainuka tena, akatia kuni jikoni, akatafuta birika, akajaza maji, akaliteleka. Kisha wakakaa bega kwa bega wakilitazama. Lilikuwa lile kubwa la shughuli, la bakuli arobaini, na maji yenyewe yalitoka kisimani, ya baridi sana.